Mauzo ya gemu mpya ni hukumu ya gemu iliyopita

Nauza gemu Kariakoo, mpya na zilizotumika. Kabla ya hapo nilisimamia banda la gemu la kaka yangu Magomeni, ambako watoto walilipia kwa muda na wakubwa wakalipia kwa mechi. Mteja anayekuja kuulizia toleo jipya la gemu maarufu huanza na swali moja: "Dada, hii ni kama ile?" Bei huja baadaye. Picha zake zikoje, hilo huja baadaye zaidi. Kwanza anataka kujua kama atakachopewa kinafanana na kilichompendeza mara ya mwisho, na hela ameshaishika mkononi kwa sababu ya hicho cha mara ya mwisho.

Swali hilo limenifundisha jambo ambalo silioni likisemwa, si kwenye taarifa za kampuni wala kwenye mabishano ya wapenzi wa gemu. Kila kampuni inapobadilisha aina ya mchezo, au inapotoa gemu ya pembeni yenye jina lile lile, watu hukimbilia takwimu za mwezi wa kwanza. Imeuza sana, basi mabadiliko ni mazuri. Imeuza kidogo, basi wameiharibu. Mimi nasema takwimu hizo zinasomwa vibaya. Mauzo ya mwanzo ya gemu yenye jina kubwa hupima imani iliyojengwa na gemu iliyoitangulia. Mgahawa ukijaa leo mchana, watu wamefuata pilau ya jana. Uzuri au ubaya wa mabadiliko yenyewe hujitokeza kwenye toleo linalofuata, pengine baada ya miaka minne au mitano, wakati kila mtu ameshasahau chanzo chake.

Sijaona mfululizo unaothibitisha hili kuliko Resident Evil wa Capcom, kampuni ya Osaka, Japani.

Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1996 kwenye PlayStation, chini ya mwongozaji Shinji Mikami. Kamera zilifungwa pembeni mwa vyumba, kwa hiyo ulikuwa unasikia zombi akijikokota kabla hujamwona. Risasi zilikuwa za kuhesabu. Mlango ukifunguliwa, skrini nzima inakuwa mlango, unafunguka polepole gizani, na wewe umeshika pedi huku moyo unakudunda. Toleo la pili, la mwaka 1998, likiongozwa na Hideki Kamiya, liliuza karibu nakala milioni 5 kwenye PlayStation ya kwanza. Palepale Capcom ikawa na jina ambalo mtu analinunua bila kuuliza.

Jina la namna hiyo hutiwa majaribuni haraka. Kuanzia mwaka 2000 yakaanza kutoka matawi: Survivor, ambayo ilikuwa ya kulenga shabaha kwa bunduki; Dead Aim; Outbreak ya kucheza kwa mtandao. Baadhi zilikuwa na mawazo mazuri kuliko zilivyotengenezwa. Ila kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo naliheshimu sana. Kamiya alipewa kazi ya kutengeneza Resident Evil ya nne, na alichokitengeneza kikawa kitu cha kasi, cha mapanga na madaha, shujaa haogopi chochote. Mikami na Capcom wangeweza kukipiga muhuri wa Resident Evil wakauza kwa jina. Walikitenga, wakakipa jina lake chenyewe, Devil May Cry, kikatoka mwaka 2001. Leo nao ni mfululizo mkubwa, una wateja wake, na hakuna aliyewahi kuja kunung'unika kwamba aliahidiwa hofu akapewa sarakasi.

Resident Evil 4 yenyewe ilitoka Januari 2005 kwenye GameCube, na mwishoni mwa mwaka huo kwenye PS2. Mikami alibadilisha karibu kila kitu. Kamera ilihamia nyuma ya bega la mhusika, mazombi wa kujikokota wakaondoka, wakaja wanakijiji wanaokimbia, wanaoshika mashoka na kukuzingira. Ni mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona ndani ya jina moja, na gemu nyingi za kupiga risasi zilizokuja baadaye zimeiga kamera ile. Sasa tazama mauzo. GameCube iliuza nakala takriban milioni 1.6. PS2 ikaongeza takriban milioni 2.3. Jumlisha zote mbili, bado huifikii ile ya pili ya mwaka 1998 iliyouza kwenye mashine moja.

Mtu wa mahesabu wa mwaka 2006 angekuwa na haki ya kusema mabadiliko yamepunguza wateja. Angekosea kabisa. Kule Magomeni RE4 ndiyo iliyokuwa ikijaza benchi. Mmoja anacheza, wanane wanatazama, na wote wanane wanatoa maelekezo. Yule mtu wa gunia kichwani na msumeno wa injini akiwasha tu, hata waliokuwa nje wanangoja zamu ya mpira walikuwa wanaingia. Wengi wao hawakuwa wameinunua na wasingeweza kuinunua, lakini jina lilikuwa limewakaa. Nina hakika mambo kama hayo yalikuwa yakitokea mitaa mingi ya dunia, kwa sababu Resident Evil 5 ilipotoka Machi 2009, ikiwa imefuata njia ile ile ya kamera ya begani, iliuza zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja hivi, na kwa muda mrefu ikabaki kinara wa mfululizo mzima. Fedha iliyopandwa na RE4 ilivunwa na RE5.

RE5 siwezi kuipita hivi hivi, kwa sababu inatuhusu. Hadithi yake imewekwa Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika. Maadui wanaitwa Majini. Kuna viumbe wanaitwa Kipepeo, Bui Kichwa, Popokarimu. Wanakijiji walioambukizwa wanapokukimbilia, wanapiga kelele kwa Kiswahili, ilhali Sheva Alomar, mwenzako wa vitani, ni askari wa tawi la Afrika Magharibi, mbali kabisa na Pwani yetu. Filamu ya kuitangaza ilipoonyeshwa mwaka 2007, ikimwonyesha askari mweupe akiwapiga risasi watu weusi kijijini, walitokea waliolalamika, na mwandishi N'Gai Croal, aliyekuwa Newsweek, alieleza waziwazi jinsi picha zile zinavyobeba historia mbaya. Nakubaliana naye. Vijana wa bandani kwetu walishtuka kwa furaha kusikia lugha yao kwenye runinga, kisha furaha ikapungua walipoona inatoka vinywani mwa nani. Capcom ilichukua lugha ya mamilioni ya watu ikaifanya sauti ya kutisha. Iwapo gemu hiyo itatengenezwa upya siku moja, nawasihi watafute Waswahili wa kuwashauri, na wawape wasemaji wa lugha hii kazi nyingine zaidi ya kufa.

Pamoja na hayo yote iliuza. Wenye Capcom yao wakayasoma mauzo hayo kwa namna ambayo naamini ndiyo iliyowaponza. Waliona: tumeongeza risasi, tumepunguza hofu, mauzo yamepanda, basi tuongeze risasi tena. Mtayarishaji Masachika Kawata alieleza mwanzoni mwa 2012 kwamba soko la gemu za kutisha ni dogo likilinganishwa na la gemu kama Call of Duty, na kwamba mfululizo wao ulipaswa kuelekea kwenye vurugu zaidi, hasa kwa soko la Marekani ya Kaskazini.

Mwaka huo wa 2012 unastahili kusomeshwa. Capcom ilitoa gemu tatu za jina hilo ndani ya miezi kumi. Januari ilikuja Revelations, ya mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo 3DS, imewekwa ndani ya meli, vijia vyembamba, risasi chache, hofu ya zamani. Machi ikaja Operation Raccoon City, iliyotengenezwa na Slant Six ya Kanada: kikosi cha askari, bunduki mwanzo mwisho. Wakosoaji waliiponda, lakini ikauza zaidi ya milioni 2, na kwa hesabu za karibu ikaonekana biashara. Oktoba ikaja RE6, iliyofanyiwa kazi na zaidi ya watu 600, ikiwa na hadithi nne zilizotaka kumfurahisha kila mtu: mpenda hofu, mpenda vita, mpenda ngumi, mpenda mafumbo.

Nakala milioni 4.5 za RE6 zilisafirishwa madukani kwa mkupuo wa kwanza, rekodi kwa Capcom. Ukipenda kusoma takwimu za mwanzo, hayo ni mafanikio makubwa ya kubadili aina ya mchezo. Lakini lengo lilikuwa milioni 7 hadi mwisho wa mwaka wa fedha, Machi 2013. Likapunguzwa, na mwisho wake mauzo yakaishia karibu milioni 5. Maana yake, baada ya kundi la kwanza lililonunua kwa imani ya RE5, nyuma hakukuwa na mtu. Aliyecheza hakumwambia mwenzake akanunue. Kwangu niliona kwa macho: vijana waliicheza huku wakizungumzia ligi, walipomaliza wakaniomba gemu nyingine yoyote ya kupiga risasi. Walikuwa wameiweka kwenye kundi hilo, kundi ambalo lina wakubwa wake wanaoijua kazi hiyo vizuri zaidi.

Naomba msomaji aelewe ninachokilaumu hapa. Silaumu kubadilika. RE4 ilibadilika kuliko RE6. Tofauti ni kwamba Mikami alibadilisha njia ya kukuogopesha, lakini kukuogopesha alikuacha nako: risasi bado hazitoshi, bado unahesabu, bado unaogopa kugeuka. RE6 iliacha kile watu walichokuja kukifuata, ikabaki na majina ya wahusika. Matawi nayo nayapima hivyo hivyo. Revelations ilikuwa tawi, dogo, la mashine ndogo, lakini lilibeba roho ya shina, na mwaka uliofuata likahamishiwa kwenye mashine kubwa. Operation Raccoon City ilikuwa na mji ule ule, nembo ile ile, mazombi wale wale, na hofu haimo.

Deni la 2012 lililipwa na gemu isiyo na kosa. Juni 2016, ndani ya mwezi mmoja, Capcom ilifanya mambo mawili. Tarehe 13, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, ilitangaza Resident Evil 7. Tarehe 21 ikatoa Umbrella Corps, tawi la kupigana kwa vikundi mtandaoni, lililopondwa na karibu kila aliyeligusa na kusahaulika upesi. Wateja waliokuwa wanauliza "hii ni kama ile?" walikuwa na ile ya sita na Umbrella Corps vichwani.

RE7 ilitoka Januari 2017, ikiongozwa na Koshi Nakanishi, yule yule wa Revelations. Ilibadilisha kamera kwa mara nyingine: sasa unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe, mikono yake tu ndiyo iko mbele yako. Nyumba moja iliyochakaa Louisiana, familia moja ya Baker, mtu wa kawaida anayemtafuta mkewe. Kelele zilikuwa kubwa kwamba hiyo si Resident Evil. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa imeuza milioni 3.5, na lengo lilikuwa milioni 4. Chini ya lengo, na chini mno ya RE6 kwa kipindi cha mwanzo. Waliokuwa wanasubiri kusema "tuliwaambia" wakasema.

Ila safari hii nyuma ya kundi la kwanza kulikuwa na watu. Aliyecheza alimwambia mwenzake. Mwaka 2021 RE7 ilipita nakala milioni 10, na kwenye orodha ya Capcom yenyewe ya gemu zilizouza sana imeiacha RE6 nyuma. Watakuwepo watakaosema ni punguzo la bei, kwamba Capcom huziuza gemu za zamani mtandaoni kwa bei ya kutupa. Ni kweli huziuza hivyo. RE6 nayo inapunguzwa bei vile vile, na ilitangulia sokoni kwa zaidi ya miaka minne. Punguzo humsogeza mteja ambaye tayari ameshasikia kwamba kitu ni kizuri.

Kilichofuata RE7 ndicho kinachonipa ujasiri wa kuandika haya. Toleo jipya la RE2, Januari 2019, milioni 3 ndani ya siku chache, baadaye zaidi ya milioni 10. Resident Evil Village, Mei 2021, ikiwa na kamera ile ile ya macho ya mhusika iliyopigiwa kelele, milioni 3 ndani ya siku nne. RE4 mpya, Machi 2023, milioni 3 ndani ya siku mbili. Kasi hizo hazikutoka hewani. Sehemu kubwa ya waliokimbilia Village siku ya kwanza walikuwa wanailipa RE7 deni lake.

Na hata tawi baya halikuweza tena kuumiza. Pamoja na Village wanunuzi waliahidiwa Re:Verse, gemu ya kupigana mtandaoni. Ilicheleweshwa, ikatoka Oktoba 2022, haikupendwa, na Juni 2025 seva zake zikazimwa. Ilikuwa na makosa yale yale ya Umbrella Corps, lakini shina lilikuwa na afya na mteja hakuyumba. Tawi baya humuumiza mgonjwa.

Nje ya Resident Evil hali ni hiyo hiyo. Studio ya Ryu Ga Gotoku ya Sega ilikuwa na Yakuza, gemu ya ngumi za mitaani kwa miaka mingi. Tarehe 1 Aprili 2019 wakatoa video ya kupigana kwa zamu, watu wakacheka wakidhani ni utani wa siku hiyo. Haukuwa utani. Januari 2020 toleo la saba lilitoka Japani likiwa la zamu kweli, na shujaa mpya, Ichiban Kasuga. Ngumi hawakuzitupa, walizihamishia kwenye tawi lililoitwa Judgment, na mwaka 2021 mkuu wao wa wakati ule, Toshihiro Nagoshi, akatangaza kwamba ndivyo itakavyokuwa. Mpenda ngumi alijua pa kwenda. Infinite Wealth, toleo la pili la mtindo huo, lilipotoka Januari 2024 liliuza milioni moja ndani ya wiki moja, kasi ambayo mfululizo haukuwahi kuipata.

Nitaletewa Mario Kart kama ushahidi wa kunipinga: tawi lililouza kuliko shina. Mario Kart 8 Deluxe imepita milioni 60 kwenye Switch, huku Super Mario Odyssey ikiwa haijafika nusu ya mauzo yake. Sioni kinachonipinga. Mario Kart ilianza mwaka 1992 na tangu hapo haijamdanganya mtu: magari, maganda ya ndizi, ndugu kwenye kochi moja. Anayeinunua anaamini Kart zilizotangulia.

Lililo gumu kwangu ni Grand Theft Auto: Chinatown Wars ya mwaka 2009, tawi la Nintendo DS. Ilirudia kutazama mji kutoka juu kama GTA za mwanzo, wakosoaji wakaipa alama za juu kabisa, na jina lake lilikuwa na imani ya San Andreas nyuma yake. Marekani, wiki mbili za kwanza, haikufikisha nakala 90,000. Hapo imani ilikuwepo na ubora ulikuwepo. Wateja wa jina hilo hawakuwa na mashine hiyo mkononi. Kwa hiyo natia sharti kwenye hoja yangu: imani humfikisha mteja dukani kama duka analoliendea ndilo lile analolijua.

Na wale wa mpira, ambao ndio wengi wanaoniletea chakula, wanaijua eFootball ya Konami. Septemba 2021 PES ya miaka yote iligeuzwa ya bure, ikiwa na jina jipya na nyuso za wachezaji zilizopinda, hadi kampuni ikaomba radhi. Mpira ulibaki mpira, aina ya mchezo haikubadilika hata kidogo. Bado wateja wangu wa PES walihamia kwa mshindani, na baadhi hawajarudi kwenye mashine kubwa mpaka leo.

Juni 2025 Capcom ilitangaza toleo la tisa la Resident Evil, Requiem, lililopangiwa Februari 2026, ambalo mchezaji huchagua mwenyewe kati ya kamera ya machoni na ya begani. Takwimu zake za wiki ya kwanza zikikufikia, ziwe kubwa au ndogo, zihesabu kwa Village na kwa RE4 ya 2023. Ukitaka kujua Requiem yenyewe ilikuwa gemu ya namna gani, subiri uone watu wangapi watanunua toleo la kumi.